Dumu Kutoka Ilagala

Watu wengi hawajui kuwa juu ya kila figo wana tezi, nami sioni haja ya kuwajulisha mpaka iwe na shida. Ni kitu kidogo, kimekaa juu ya figo kama kofia iliyovaliwa upande. Kikiwa kizima hata hakionekani vizuri kwenye ultrasaundi. Nikikiona kwa urahisi, bila kukitafuta, najua mgonjwa huyo hatatoka chumbani kwangu na jibu fupi.

Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Kigoma, kwenye chumba kimoja chenye pazia la kijani na feni inayolalamika. Mimi si bingwa wa kitu chochote. Ni daktari wa kawaida niliyefundishwa ultrasaundi nikabaki nayo, kwa sababu wenzangu walipenda kuzungumza na wagonjwa na mimi nilipenda kuwatazama. Wanalala, nawapaka jeli, nazima taa, natazama skrini. Wauguzi husema nina mdomo mkali, na sijawahi kuwabishia. Mgonjwa akianza kunizungusha namwambia, "Mficha uchi hazai, sema," na kwa kawaida husema.

Mama wa Ilagala, kijiji cha nje ya mji wetu, aliletwa na binti yake asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwa na umri wa kunikaribia, mwanamke mrefu aliyezoea kuamrisha, muuzaji wa migebuka ya kukaushwa. Miaka mitano nyuma alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa saratani, akachomwa dawa Dar es Salaam, akarudi kwenye samaki wake. Cheti kilisema maumivu ya tumbo upande wa kulia na presha isiyotulia. Nilimlaza, nikampaka jeli, na kabla sijakaa sawa kwenye kiti nikauona: duara la sentimita tano, chini ya ini, juu ya figo, mahali ambapo kwa kawaida huwa natafuta na kukosa.

Kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, uvimbe wa mahali hapo huwa umeshaandikiwa jibu. Saratani hupenda kusafiri, na tezi hizo ni kituo chake kimojawapo. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Nimewahi kukuta pia kifua kikuu kilichohamia huko, na mara moja uvimbe wa mafuta matupu ambao mwenyewe alikuwa anatembea nao bila habari, lakini hao ni wachache, na mtu mwenye foleni ya wagonjwa ishirini nje hawaweki mbele. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani maneno "inaelekea saratani imesambaa" nilipokandamiza proba, kile kishikio cha mashine kinachopita tumboni, kidogo ili nione mpaka wa uvimbe na ini.

Mama akashika ukingo wa kitanda. Jasho likamtoka usoni ghafla, ilhali feni ilikuwa inampuliza.

"Daktari," alisema, "moyo unanikimbia."

Nikautoa mkono wangu tumboni mwake kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nilimpima presha pale pale, ikawa juu sana. Nilimpima tena baada ya robo saa, imeshuka, jasho limekauka, na mama ananiuliza kama bado tunaendelea. Sikuendelea. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia mara moja kabla ya siku hiyo, kwa mpangilio ule ule.

Aliyeyasema alikuwa mzee mmoja, mkulima wa Simbo. Nilikuwa bado kijana, nafanya kazi kwenye hospitali nyingine. Mzee alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu kwa saratani nyeusi ya unyayo, na tulipompima tulikuta uvimbe juu ya figo. Hakuna aliyebishana. Imesambaa, tukasema, na tukapanga kutoa kinyama kwa sindano ili tuwe na uhakika wa kuandika. Mimi nilishika proba, mwenzangu akashika sindano. Kabla hatujaanza mzee alisema moyo unamkimbia. Nilimwambia, "Tulia, mzee, ni hofu tu." Sindano ikaingia. Presha ikapanda hadi mashine ikashindwa kuisoma, shuka likalowa jasho, na kabla ya adhana ya adhuhuri alikuwa amekufa. Tuliandika kuwa moyo ulisimama, jambo ambalo ni kweli kwa kila maiti.

Miaka kadhaa baadaye nilipelekwa mafunzoni. Mwalimu akatuonyesha picha ya uvimbe wa tezi hiyo ambao haukutoka kwingine. Ni uvimbe wa tezi yenyewe, wa nadra, unaotengeneza kwa wingi ile homoni inayomfanya mtu akimbie akiona nyoka. Mwenye nao huishi kama mtu anayekutana na nyoka mara tatu kwa siku: moyo mbio, jasho, kichwa kinagonga, halafu kimya. Ukiuchoma sindano bila kumwandaa mgonjwa kwa dawa, unaweza kuimwaga homoni hiyo kwenye damu kwa mkupuo mmoja na kumuua. Tena mwalimu akasema hata aliyewahi kuwa na saratani anaweza kuupata, kwa sababu saratani haijamwekea mtu kinga ya maradhi mengine. Nilitoka nje nikanunua soda. Sikuinywa. Nilijua ni nani niliyemwambia atulie.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu na mama huyu, na nilidhani nimekuwa mwangalifu. Mambo yalikuwa mawili. Kama uvimbe ni saratani iliyosambaa, daktari bingwa wa saratani anayekuja kwetu kwa kliniki ya wiki moja angeuchoma sindano, atoe kinyama, aanze dawa. Kama ni ule mwingine, sindano hiyo ingemuua, lakini upasuaji uliopangwa vizuri ungemponya kabisa. Cha kututofautishia kilikuwa mkojo. Homoni ile ikishafanya fujo mwilini mabaki yake hutoka kwenye mkojo, na maabara kubwa ya Dar es Salaam huyapima. Wanataka mkojo wote wa saa ishirini na nne, bila kukosa hata tone.

Ningeweza kumlaza. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa, wengine wanalala wawili wawili, na nikaona mtu mwenye nyumba yake asilale sakafuni kwa ajili ya kukojoa. Nikachukua dumu la lita tatu lenye tindikali kidogo chini, ya kuhifadhi, nikawaeleza yeye na binti yake. Mkojo wa kwanza wa asubuhi anaumwaga, kuanzia hapo kila unaofuata unaingia dumuni, mchana na usiku, mpaka ule wa kwanza wa kesho yake. Dumu likae kivulini, ndani ya beseni la maji. Likishatimiza muda wake liletwe hospitali asubuhi hiyo hiyo. Nilieleza mara mbili. Nilimwambia binti arudie, akarudia bila kosa; alikuwa amesoma. Nikamaliza na msemo wangu wa mficha uchi, nikiamini nimefanya kazi nzuri.

Mlangoni mama aligeuka. "Hili dumu, daktari, ni lazima litoke Ilagala?"

"Ni lazima," nilisema, na nikamwita mgonjwa mwingine.

Dumu lilikuja siku ya tatu, kabla ya saa nne. Lililetwa na mume wa binti, kijana wa familia ya Kirundi iliyokaa Ilagala tangu enzi za babu yake, mwendesha pikipiki. Alikuwa amelifunga kwenye mifuko mitatu, juu ya mifuko kanga, juu ya kanga kamba. Alinikabidhi akiwa ametazama upande wa ziwa.

"Shikamoo, daktari. Mzigo wa mabukwe," alisema. Mabukwe ndiye mama mkwe kwa Kirundi. "Kuna maji ya kunawa?"

Nikamwonyesha bomba. Alinawa mpaka viwikoni, kama mtu anayejiandaa kuswali, halafu akasimama pale anahamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine.

"Daktari, nikuombe kitu. Mama akija, mwambie limeletwa na mtu wa basi."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Utakuwa umenisaidia."

Nilicheka. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Kwetu Buha, nchi ya Waha, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hakai kitandani kwake, hali naye sahani moja, na zamani wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja alishuka majanini mpaka mwenzake apite. Kijana huyu alikuwa amesafiri na mkojo wa mama mkwe mgongoni, barabara yote ya vumbi. Niliona ni kichekesho, nikaenda kumsimulia dada wa maabara, tukacheka pamoja wakati yeye anaumimina kwenye chombo cha kupimia.

"Mama huyu anakunywa maji vizuri," alisema dada wa maabara. "Mkojo mweupe kabisa."

Akaandika ujazo, akachota sampuli, ikapakiwa kwenye barafu kwenda kwenye ndege. Nililishika dumu tupu mkononi mwangu mwenyewe. Sikuwaza lolote.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili. Ya kawaida, kila mstari. Nilisoma karatasi nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ningefurahi kusema niligundua kosa. Sikugundua. Nilisikia unafuu na mashaka kwa pamoja, na kwa kuwa unafuu ulikuwa na karatasi yenye muhuri na mashaka yalikuwa na jasho la robo saa tu, nikaiweka karatasi kwenye faili.

Bingwa alifika Jumatatu. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, mpole, msomi, mtu anayewasalimia wafagiaji kwa heshima zote. Alilisoma faili lote, jambo ambalo wengi hawafanyi, akaniita.

"Umefanya vizuri kumpima kwanza, mzee. Wengi wangechoma tu."

"Mimi sijatulia," nilimwambia. "Aliniletea presha ya kutisha hapa mezani."

"Mtu aliyewahi kuambiwa ana saratani, ukimlaza kwenye giza ukamkandamiza tumbo, presha haitapanda?" Hakusema kwa kunidharau. "Kipimo kimeshasema. Tukikikataa hiki, tutakuja kukiamini kipi?"

Alikuwa sahihi kwa kila alichokijua. Hapo ndipo kazi yetu inapokera: mtu anaweza kupiga hesabu yote bila kosa na bado akaua, kama namba ya kwanza aliyopewa ni ya uongo.

Sindano ilipangwa Jumatano saa tatu asubuhi. Mama alikuwa ameshalazwa kitandani chumbani kwangu, amefunikwa shuka, na muuguzi ameshapanga vyombo kwenye trei. Bingwa alikuwa ananawa. Mimi nilitoka kumtafuta binti ili asaini fomu. Nilimkuta kwenye benchi amemwaga mfuko wa dawa za mama yake mapajani, anazipanga upya ili nesi wa wodini asichanganyikiwe. Dawa za presha, za maumivu, na pakiti kubwa ya vidonge vya vitamini B.

"Hivi anameza tangu lini?" niliuliza. Niliuliza kwa mazoea tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani.

"Tangu alipochomwa dawa za kansa, daktari. Miguu inakufa ganzi. Hakosi hata siku moja, ingawa anavilalamikia." Akatabasamu. "Anasema vinamfanya akojoe bizari."

Aliyewahi kuvimeza vidonge vile anajua. Mkojo unakuwa manjano ya kung'aa, hauwezi kufichika hata kwenye ndoo ya maji. Nilisimama pale na fomu mkononi, nikamsikia dada wa maabara akisema mkojo mweupe kabisa.

"Lile dumu," nilisema. "Mkojo ule ulikuwa wa nani?"

Binti akaacha kupanga dawa.

"Nijibu sasa hivi. Daktari ameshika sindano kule ndani."

"Ulikuwa wangu," alisema.

Sikumbuki kama niliusukuma mlango au ulikuwa wazi. Bingwa alikuwa ameshavaa glavu na anapaka dawa ya kuua wadudu kwenye ngozi ya mama. Nilimwambia aweke chini. Alinitazama usoni, akaweka chini bila kuuliza, na kwa hilo tu nitamheshimu mpaka nizikwe. Tulitoka koridoni nikamweleza kwa sentensi mbili. Akavua glavu moja, akabaki na nyingine, akaegemea ukuta.

Kisha nikarudi ndani, na huko nilifanya jambo ambalo silionei fahari. Nilimgombeza mgonjwa. Nilimwambia mama yule, amelala pale na dawa inakauka tumboni, kwamba alikuwa dakika tano mbali na kaburi. Nilimwambia nilieleza mara mbili. Nilimwambia nimetumia barafu na ndege na wiki mbili kupima afya ya binti yake, ambaye hana ugonjwa wowote. Nilimaliza na ule msemo.

Mama aliinuka akakaa, akajifunika shuka mpaka shingoni.

"Mficha uchi hazai," alirudia. "Mimi nimezaa saba, daktari, na uchi wangu nimeuficha siku zote."

Muuguzi alikohoa akatazama trei.

"Uliniuliza napata choo mara ngapi," mama aliendelea, taratibu, kama mtu anayepanga samaki. "Uliniuliza mwezi wangu ulikoma lini. Uliniuliza mume wangu alikufa kwa nini. Yote nilikujibu. Hukuniuliza dumu litabebwa na nani. Kwetu pale mwenye chombo cha moto ni mkwe wangu. Mimi nimpe mkwe mkojo wangu aufunge mgongoni, apite nao sokoni watu wanamsalimia? Halafu jioni aje anisalimie mimi, tutazame wapi? Nilikuuliza kama ni lazima litoke Ilagala. Ulisema ni lazima."

"Ukaona bora umtume binti yako akojoe?"

"Binti yangu nimemtoa hapa." Akagusa tumbo lake, juu ya dawa. "Nilijua damu ni moja. Nikasema kama ugonjwa upo kwangu utaonekana na kwake. Si ndivyo mnavyosema wenyewe, kwamba kansa ya titi inaenda kwa mabinti?"

Tulikuwa tumemwambia hivyo hivyo, sisi, miaka mitano nyuma, tulipomsisitiza binti naye aje apimwe. Nilitaka kuendelea kukasirika lakini hasira ilikuwa imeishiwa pa kukaa. Nikaona aibu, aibu halisi, ile inayoanzia masikioni. Mambo yote nilikuwa nimepewa mkononi. Mama aliniuliza mlangoni. Mkwe aliniomba nimfichie siri, nikacheka. Dada wa maabara aliniambia rangi. Nilikuwa nimekusanya kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa kukusanywa.

Mara ya pili tulimlaza, kitanda kikapatikana, kwa sababu vitanda hupatikana mtu akivitafuta kwa hasira. Dumu lilikaa chini ya kitanda chake, na aliyelibeba hadi maabara lilipotimia muda alikuwa muuguzi mkuu, bibi wa Ujiji aliyebakiza miezi michache kustaafu, ambaye alilibeba kichwani chini ya kanga kama anatoka sokoni Mwanga, bila mtu yeyote koridoni kujua. Mama alimshukuru kwa Kiha, kwa maneno mengi. Mkojo ulipomiminwa ulikuwa manjano kiasi kwamba dada wa maabara aliniita nije nione, na hatukucheka.

Majibu yaliporudi hayakuhitaji kusomwa mara mbili. Homoni ilikuwa imezidi kiwango cha kawaida mara kadhaa. Bingwa alikuwa ameshaondoka, nilimpigia, akasema, "Mzee, nilikuwa nimeshapaka dawa." Nikamwambia ndiyo, nilikuwepo.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, na ya kawaida ndiyo ninayoyapenda. Mama alianzishiwa dawa za kuutuliza mwili, wiki kadhaa, mpaka presha ikakubali kukaa mahali pamoja. Akapewa rufaa, akapasuliwa Dar es Salaam na watu wanaoujua uvimbe ule. Walipouchunguza hawakukuta saratani ya titi ndani yake. Ulikuwa wa tezi yenyewe, peke yake, hauhusiani na lolote lililompata kabla. Alirudi Ilagala na kovu la pili na bila kichwa kuuma, akaendelea na migebuka. Mkwe wake hadi leo anaamini alibeba mkojo wa mama mkwe wake. Niliwahi kufikiria kumwambia ukweli ili apumzike, nikaona ukweli wenyewe ni kwamba alibeba mkojo wa mke wake, na sijui kwa upande wake lipi lingekuwa jepesi. Nilimwambia mama kuwa dumu lililetwa na mtu wa basi. Alisema, "Ah," na nadhani hakuniamini, lakini alipenda kuambiwa.

Kwenye karatasi ya maelekezo ya dumu, chini kabisa, sasa naandika kwa kalamu: nani atabeba? Nauliza mpaka nijibiwe. Wengine hushangaa. Mwanamume mmoja alikasirika akaniambia dumu lina mpini.

Mama huja kila baada ya miezi sita nimwangalie. Mara ya mwisho alikuja peke yake, na samaki wamefungwa kwenye gazeti. Nilimlaza, nikampaka jeli, nikazima taa. Juu ya figo ya kulia hapakuwa na kitu, pamebaki ini na figo vinaegemeana kama majirani waliobomolewa ukuta wa kati. Sijui kilichonisukuma. Pengine ni giza, pengine ni kwamba yeye alikuwa amenyamaza na mimi sikuwa na cha kutafuta. Nilimsimulia habari za mzee wa Simbo. Sikuficha kitu: vidole viwili vya mguu, sindano, shuka. Nilimwambia kuwa naye alisema moyo unamkimbia, na kwamba nilimwambia atulie, ni hofu tu. Nilimwambia kwamba kama si yeye, nisingeutoa mkono wangu siku ile.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake darini.

"Basi huyo ndiye aliyeniponya," alisema. "Wewe ulikuwa tarishi tu."

"Ni kweli."

"Nitamwombea. Jina lake nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilikumbuka presha yake ya kwanza na ya mwisho. Nilikumbuka ni mguu wa kulia. Uvimbe wake ulikuwa sentimita sita na nusu, upande wa kushoto, na hata leo naweza kuuchora. Nilikaa pale na proba mkononi, jeli inakauka, mama ananisubiri nimtajie jina, na jina sikuwa nalo.